Laptop inachukua dakika tano kuwaka: usikimbilie kupiga Windows upya

Mkuu, nimekuelewa. Laptop ya mtumba umeichukua Kariakoo, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, Windows 10. Ukiiwasha unaandika neno la siri, halafu unaenda kukoroga chai, ukirudi bado kiduara kinazunguka. Fundi kakwambia dawa ni kupiga Windows upya, elfu ishirini na tano. Hiyo hela ishikilie kwanza. Nina stesheneri Changanyikeni, kompyuta tatu za kuchapia, na huo mchezo wa kupiga Windows kila baada ya miezi minne niliucheza mpaka nikachoka. Windows mpya inakimbia wiki ya kwanza, kisha unarudisha programu zako zilezile na yenyewe inarudi kulekule.

Tatizo mara nyingi ni foleni. Kila programu unayoingiza inajiandikisha ili iamke pamoja na mashine, bila kukuuliza au kwa kukuuliza kijanja kwenye kile kiboksi ambacho wote tunabonyeza "Next" bila kusoma. Zikifika kumi na tano zinagombania diski moja kwa wakati mmoja, na diski ya zamani ya kuzunguka haiwezi vita hiyo.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazotembea. Ikija ndogo, bofya "More details" chini, kisha nenda kwenye Startup. Kabla hujagusa chochote, angalia juu kulia palipoandikwa "Last BIOS time". Hizo ni sekunde ambazo mashine imetumia kabla Windows haijashika usukani. Ukikuta 4 au 8, hapo pako sawa. Ukikuta 40, usizilaumu programu, kuna jambo kwenye mashine yenyewe na huko ni mada nyingine.

Sasa orodha. Kuna safu ya "Startup impact". High maana yake hiyo programu wakati wa kuwaka imekula zaidi ya sekunde nzima ya prosesa, au imesoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski. Anza na hizo. Teams kama hufanyi kazi ya ofisini, Spotify, Steam, programu za torrent, kisasishaji cha kisoma PDF, vile vidude vya printa ambayo hata hunayo, aliviacha mwenye mashine wa kwanza. Chagua, bonyeza Disable. Hujafuta kitu hapo. Programu ipo palepale, ukiihitaji utaifungua kwa mkono kama kawaida, ila haitaamka tena yenyewe. Na faida nyingine ambayo watu hawaisemi ni bando: nusu ya hizi zikiamka tu zinaanza kuvuta masasisho, na wewe umewasha hotspoti ya simu kwa ajili ya kutuma barua pepe moja.

Ulinzi dhidi ya virusi usiuguse. Vya sauti na vya padi ya kugusa usiviguse pia. OneDrive, ile ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, nayo iangalie vizuri: kama hujawahi kuitumia, izime, lakini kama mafaili yako ya Desktop yanapanda huko, ukiizima yale mapya yatabaki kwenye mashine tu, na siku laptop ikiibiwa kwenye daladala utanikumbuka kwa ubaya.

Nyingine ni za kiburi. Unaizima leo, ikijisasisha inarudi. Hizo ingia ndani yake, kwenye mipangilio yake yenyewe, utafute pale pa kuanza pamoja na kompyuta uzime huko. Chrome ina kitufe chake kwenye sehemu ya System, kinachoiruhusu kuendelea kufanya kazi chinichini hata ukishaifunga. Zima. Edge nayo ina "Startup boost". Zima pia.

Sasa nije kwenye kilichonifundisha mimi, maana wewe umesema pia mafaili ya flashi zako yanageuka shotikati, zile alama za njia ya mkato. Hapo ndipo nilipokaa mkao wa kusoma.

Msimu wa wanafunzi kukabidhi tafiti zao, kwangu zinaingia flashi hamsini kwa siku. Mashine ya katikati ikaanza kujivuta, na kila flashi ikichomekwa mafaili yanapotea, zinabaki shotikati tupu. Binti wa chuo alikaribia kulia mbele yangu, kazi ya mwaka mzima haionekani. (Ilikuwepo, imefichwa tu. Ukifungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandika amri, ukaandika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* vitu vinarudi, hiyo F ukiweka herufi ya flashi yako.) Nikafungua Startup, nikakuta mstari umeandikwa "Microsoft Windows Based Script Host", mchapishaji Microsoft Corporation. Nikaupita. Nani anazima kitu cha Microsoft?

Siku tatu baadaye ndipo nikabofya kulia kwenye vichwa vya safu nikaongeza "Command line". Hiyo safu haipo mpaka uiite, na ndiyo inayotoa siri. Kumbe wscript.exe, ndiyo hiyo Script Host, ni ya Microsoft kweli, lakini imepewa kazi ya kuendesha faili la .vbs (maandishi ya amri, na hili lilikuwa kirusi) lenye jina la herufi za ovyo, limejificha ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha. Yaani mwizi kapanda gari la serikali. Nikauzima ule mstari, nikafuta faili, nikalala kwa amani. Asubuhi faili limerudi.

Makosa yangu yalikuwa mawili. Kwanza nilifuta faili wakati wscript.exe bado inatembea, ikajiandika tena. Inatakiwa uimalize kwanza kwenye Processes ya Task Manager, ndiyo ufute. Pili, ukurasa wa Startup hauonyeshi kila kitu. Programu inaweza kujiweka kwenye Task Scheduler, ile ratiba ya kazi ya Windows, au ikawa huduma ya chinichini, na pale usiione kabisa. Nilichokuja kutumia ni Autoruns, programu inayoorodhesha kila kinachoamka na mashine, ya bure, ya wale Sysinternals ambao Microsoft iliwanunua mwaka 2006. Ipakue kwa Microsoft wenyewe, usichukue ya kupeana kwenye flashi. Nikaenda kwenye "Scheduled Tasks", jamaa huyo hapo, faili lilelile, amejipangia kuamka tena na tena. Ondoa tiki kwanza, usifute, washa mashine uone kama kuna kilichoharibika. Ikikaa sawa siku mbili, ndiyo futa.

Kuhusu hizo huduma za chinichini, nenda taratibu. Niliwahi kuingia msconfig, mipangilio ya kuwaka ya Windows, sehemu ya Services, nikabonyeza "Disable all" kwa mbwembwe bila kuweka tiki kwenye "Hide all Microsoft services". Mashine ikawaka haraka ajabu. Haina Wi-Fi, haina sauti, haichapi, na wateja sita wamesimama na flashi mkononi wananiangalia. Nilirudi palepale nikaziwasha zote, ikapona, lakini ile nusu saa sitaisahau. Hiyo tiki ndiyo kila kitu.

Na nikwambie ukweli kabisa: kama ndani kuna diski ya kuzunguka, hata ukizima vyote itapungua muda, haitaruka. Hiyo elfu ishirini na tano ya fundi iweke akiba ya SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Mashine yangu ya mlangoni nayo ni RAM 4, nilibadilisha diski tu na watu wanadhani ni mpya.

Ukimaliza kuzima programu, chagua Restart, siyo Shut down halafu uwashe. Kwenye Windows 10 ukizima kwa kawaida huwa haizimi yote, sehemu ya mfumo inahifadhiwa kwenye diski ili kesho iamke haraka, kwa hiyo hutapima sawasawa. Restart inaanza kila kitu upya. Chukua saa ya simu uhesabu, kisha niwekee hapa picha ya Startup ikiwa na ile safu ya Command line, nikuonyeshe kilichobaki.