Karata mbili zionekane moja

SWALI: Kwa miezi mitatu nimekuwa nikijifunza mbinu ya kiinimacho ya kuinua karata mbili kama moja, lakini kila mara mdogo wangu hunikamata. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, yaelekea unazihesabu karata wakati macho yote yako mikononi mwako. Ziandae mapema, ukiwa unazungumza naye: kwa kidole gumba cha kulia nyanyua kidogo kingo za nyuma za karata mbili za juu, kisha penyeza chini yake ncha ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ili ubaki mwanya mwembamba usioonekana kwa mbele. Wakati wa kuinua, vidole vitafuata mwanya huo bila kupapasa. Zigeuze polepole, kama ugeuzavyo karata moja ya kweli. Naamini hapo ndipo wengi huharibu, kwa haraka. Mbinu za namna hii zina nguvu kubwa: mwaka 1922, mjini Chicago, mfanya kiinimacho Dai Vernon alimshinda Houdini mwenyewe, bingwa mashuhuri wa sanaa hiyo, asigundue siri ya karata iliyokuwa ikirudi juu ya fungu tena na tena. Fanya mazoezi mbele ya kioo, na usimrudie mdogo wako hadi mikono izoee.