Jibu: Wateja wanauliza bei kisha wanatoweka

Habari ndugu. Umesema unauza mtandaoni mikoba unayoshona nyumbani, na watu huuliza bei kisha hutoweka. Kabla ya kulipia matangazo, kagua kwanza kama bei, vipimo na gharama ya usafirishaji vimeandikwa chini ya kila picha, kwa sababu mteja anayelazimika kuuliza mambo matatu huchoka kabla hujamjibu. Mimi nilipoanza kuuza vitambaa vya meza nilipiga picha usiku chini ya taa, na kitambaa cheupe kikaonekana cha njano. Nilipozipiga upya asubuhi karibu na dirisha, nikiweka rula pembeni, maswali yalipungua na oda zikaongezeka. Unapopanga bei, hesabu pia vifungashio na makato ya malipo, ambayo wengi wetu huyasahau. Suala la kodi mwulize mhasibu.