Thamani Isiyoonekana Kwenye Mizania: Majibu kwa Wanaotaka Hisa za Kampuni za Teknolojia

Swali (Ujiji): Vijana wawili wana programu ya simu inayowaunganisha wachuuzi wa dagaa wa mwalo wa Kibirizi na wanunuzi wa Dar es Salaam. Mizania yao, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, ina kompyuta 4 na pikipiki 1, lakini wanataka shilingi milioni 30 kwa robo ya hisa. Je, si utapeli?

Jibu: Si lazima. Viwango vya kimataifa vya uandishi wa hesabu vinavyofuatwa nchini, hususan kile cha mali zisizoshikika, IAS 38, haviruhusu kampuni kuingiza kwenye mizania jina la biashara au orodha ya wateja iliyoijenga yenyewe. Pikipiki iliyonunuliwa huingia, ilhali imani ya wachuuzi iliyopatikana kwa kushinda mwaloni alfajiri baada ya alfajiri haiandikwi popote. Thamani hiyo itafute kwenye miamala. Omba miamala yenyewe, siku kwa siku, wala usikubali muhtasari, kisha uilinganishe na kalenda ya mwezi mwandamo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitawala mitumbwi hupumzika. Programu inayotumika kweli itapanda na kushuka kwa mwendo huo, na kwa mwaka 2024 itaonyesha mporomoko kati ya 15 Mei na 15 Agosti, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi. Mauzo yaliyonyooka mwaka mzima kama uzi wa fundi mwashi yametungwa ofisini. Yakishapita mtihani huo, hesabu wachuuzi waliojiunga Januari ambao Desemba bado wanauza, ukiwaondoa waliovutwa kwa vocha za bure. Hao ndio unaowalipia milioni 30, na wakiwa wengi bei hiyo inaweza kuwa nafuu.

Swali (Tabora Mjini): Nataka kuingia ubia na kampuni iliyotengeneza mfumo wa kurekodi mizani ya tumbaku kwa vyama vya msingi. Mfumo unafanya kazi vizuri. Nianzie wapi?

Jibu: Anza kwa kuuliza ni nani aliyeuandika, na kama alisaini kuukabidhi kwa kampuni. Niliwahi kuomba kuonyeshwa msimbo, yaani maandishi ya kompyuta yanayoendesha programu, wa mfumo wa namna hiyo. Mkurugenzi akatoka nje kumpigia simu shemeji yake, kwa kuwa nakala pekee ilikuwa kwenye kompyuta ya shemeji huyo, Mwanza, na mkataba wa maandishi haukuwapo. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na ulinzi huo unaweza kukugeukia wewe mnunuzi.

Jambo la pili ni taarifa za wakulima. Muuzaji atakutajia maelfu ya namba za simu kama hazina, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na namba iliyochukuliwa kwa ajili ya malipo ya tumbaku haigeuzwi hivi hivi kuwa bidhaa ya kuwauzia wafanyabiashara wa pembejeo. Mimi ningeihesabu orodha hiyo kuwa sifuri hadi nione ridhaa za wakulima.

Swali (Kasulu): Je, wakubwa nao hukosea?

Jibu: Sana. Mwaka 2011 HP ya Marekani iliinunua Autonomy ya Uingereza kwa takriban dola bilioni 11, na mwaka uliofuata ikafuta thamani ya dola bilioni 8.8 vitabuni, mojawapo ya malalamiko yake lilikuwa kwamba kampuni iliyojulikana kwa programu ilikuwa ikikuza mapato kwa kuuza vifaa vya kompyuta kimyakimya. Lakini thamani isiyoshikika huweza pia kuwa ya kweli: mwaka huohuo wa 2011, hataza (haki za kisheria za uvumbuzi) za Nortel ya Kanada, kampuni ya mawasiliano iliyokwisha kufilisika, ziliuzwa kwa dola bilioni 4.5.

Swali (Nzega): Nina laki 5 tu.

Jibu: Kwa kiasi hicho, nunua hisa zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa sababu kampuni hizo hulazimika kuchapisha hesabu zilizokaguliwa. Soma maelezo ya mwisho wa hesabu hizo kabla ya kusoma barua ya mwenyekiti.