Mnyama wako wa ziwani

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma, unauliza huyo mnyama wa kwenye hadithi yako anayeishi ziwani na nchi kavu umpe matamvua, mapafu, au vyote. Mi naona ungeanza na ziwa kwanza, maana mnyama habadiliki ili siku moja apande nchi kavu, habari hiyo hana kabisa, ni vile tu hapo alipo wengine wanakufa mapema na wengine wanawahi kuzaa.

Chukua ziwa la kina kifupi, maji ya moto, majani yanaoza, oksijeni kiduchu. Hapo anayeweza kuja juu akameza hewa ndo anabaki, kwa hiyo mapafu yalianzia majini hukohuko kabla mguu haujakanyaga popote. Miguu nayo hivyohivyo, kuna kiumbe anaitwa Acanthostega, miaka kama milioni 365 iliyopita, mguu wa mbele ulikuwa na vidole nane (nane! kwa hiyo usijibane na vitano) na bado alikuwa na matamvua, miguu yenyewe ya kutembea nchi kavu haikufaa.

Ila kila kitu kina gharama. Kamongo, yule samaki mwenye mapafu, akikua matamvua yake hayamtoshi, ukimzuia asije juu kuvuta hewa anakufa maji, samaki mzima! Lakini ziwa likikauka anajichimbia kwenye tope, anajifunika ute wake unakauka, anakaa miezi humo, na badala ya kurundika amonia, taka ya mwili ambayo ingemuua, anaigeuza urea isiyo na sumu kali.

Ukitaka ziwa la baridi huko juu milimani, kama Titicaca kule Amerika Kusini, kwenye mita 3,800 na ushee juu ya usawa wa bahari, mambo yanageuka. Chura wa kule ana mapafu madogo, anapumua zaidi kwa ngozi ndo maana imelegea na kujaa mikunjo, oksijeni ikipungua anapiga pushapu chini ya maji ili maji mapya yapite kwenye ile mikunjo. Ngozi ya hivyo lazima iwe nyembamba na mbichi, juani inakauka upesi, kwa hiyo yale magamba ya mamba uliyomchorea yafute, au ufute kupumua kwa ngozi, vyote viwili haviendi.

Macho na pua weka juu ya kichwa, hilo halina ubishi, kiboko na mamba wote wako hivyo.

Mayai ndo hujayagusa kabisa. Yakiwa hayana ganda yanakauka upesi, kwa hiyo lazima atage majini au penye unyevu, hata awe mtembezi vipi. Sasa niambie, ziwa lako linakauka au halikauki?