Korosho 10 kwenye ungo: kumfundisha nyumbani mtoto mwenye ulemavu wa akili

Mtoto mwenye ulemavu wa akili akikwama darasani, wazazi wengi huku Mtwara na Lindi humwacha nyumbani "ajifunze kwa kuona". Kwa kuona tu hajifunzi. Kazi nzima humpita. Anahitaji kipande kimoja cha kazi, kilekile, kila siku. Na jina lake libaki shuleni: Sheria ya Elimu ya 1978 inakutaka umwandikishe, na mwalimu wa elimu maalumu utamhitaji.

Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, darasa liko uani. Anza na kuchambua. Chukua korosho 10 zilizokauka, 5 nono na 5 zilizosinyaa kabisa. Zikikaribiana, hata mchambuzi mzoefu husita. Ungo mbele yake, kikapu cha nzuri kulia, kopo la mbovu kushoto, na vyombo visihame.

Wewe chambua 9, ya 10 mwachie yeye. Anaanzia mwisho kwa sababu hapo ndipo kazi inapoonekana imekwisha, na aliyeimaliza ni yeye. Akipatia siku 3 mfululizo bila kusaidiwa, mwachie 2, kisha 3.

Akikosea, usimwambie "siyo hapo, siyo hapo". Maneno mengi humvuruga. Rudisha korosho kwenye ungo, gusa chombo chake, nyamaza, hesabu moyoni hadi 10. Watu wazima wengi hushindwa kusubiri hata 3, na mtoto akajua kwamba akitulia bibi atammalizia. Na bibi humalizia kweli, kwa huruma. Zungumza na bibi kwanza.

Kuhesabu ni jambo jingine. Wapo wanaoimba moja hadi kumi bila kukosea huku vidole viko kwingine. Hapo hajahesabu kitu. Chimba vishimo 10 mchangani, kama vya bao, kila kishimo korosho moja. Kikibaki kitupu, anakiona mwenyewe.

Dakika 10 zinatosha, asubuhi kabla jua halijakaza. Akianza kurusha vitu au kuziba masikio, umechelewa kuacha. Kesho acha dakika 2 mapema zaidi.

Kubangua na kuchoma korosho si kazi yake: mafuta ya ganda huunguza ngozi na midomo, kwa hiyo asizing'ate pia. Anayetia kila kitu mdomoni mpe vifuu na magunzi. Mwenye kifafa asikae karibu na moto wala kisima, hata kama amemaliza miezi bila kuanguka.

Korosho zikiisha, hamia kwenye makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu: makubwa kulia, madogo kushoto. Badilisha hicho kimoja tu. Ungo, pande na saa vibaki vilevile, la sivyo utarudi kwenye kumwachia 1.