Tangi la maji chumvi: usiweke samaki bado

Pole sana ndugu yangu. Umesema ulijaza tangi Jumamosi, kesho yake ukaweka samaki watano na matumbawe, na kufikia Ijumaa wote wamekufa ingawa maji yanang'aa.

Maji kung'aa hakukuambii kitu. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu usiyoweza kuiona. Bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo kali sana, huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye mawe na mchanga. Nami nilipoteza samaki wangu wa kwanza vivyo hivyo, na bado inaniuma.

Safari hii anza bila samaki: tia amonia kidogo ili bakteria wapate chakula, na uwe unapima. Amonia na nitriti zikisoma sifuri, weka samaki mmoja tu. Utando wa kahawia ukitanda kwenye mchanga usimwage dawa, tangi jipya ndivyo lilivyo, na kwa kawaida hupungua wenyewe. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza yasiyo na chumvi, maana chumvi yote imebaki ndani. Matumbawe yasubiri miezi kadhaa.