ULIZA UJIBIWE: Wagonga shaba wa Ulaya, beseni la vyombo, na binti aliyechelewa kusoma

*Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi bati hapa Gerezani, natengeneza makarai, ndoo na majiko. Kijana wangu kanionyesha video: wazee wa Kizungu wenye masharubu wanagonga masufuria makubwa ya shaba, wake zao wana sketi ndefu na sarafu za dhahabu kwenye misuko. Wanagonga kama tunavyogonga sisi. Lakini msimulizi anawaita wezi wasio na kwao. Ni akina nani, na wamekosa nini?*
Fundi, Gerezani

Marahaba, fundi. Hao ni Wakalderashi, kundi mojawapo la Waroma, watu ambao wengi huwaita Wajipsi na wenyewe wengi wao hawalipendi jina hilo. (Hawahusiani na mji wa Roma, na wala si kila mtu wa Romania ni Mroma. Nimeshaulizwa, najibu kabisa.) Wakalderashi maana yake ni watengeneza masufuria, kwa hiyo umewajua kwa nyundo yao, kama wanavyojulikana siku zote.

Na si Wazungu kwa asili. Wazee wao walitoka upande wa kaskazini wa Bara Hindi, yapata miaka elfu moja iliyopita. Umeshamsikia mwenye duka Kariakoo akihesabu Kigujarati: ek, be, tran, char, panch. Mkalderashi huhesabu yekh, dui, trin, shtar, panzh, na maji Waroma wengi huyaita pani vilevile. Akifika saba na nane anasema efta, okhto, na hapo ni Mgiriki atakayegeuka kumtazama, maana walikaa sana katika nchi za Wagiriki kabla ya kusambaa Ulaya. Mjerumani mmoja, Rüdiger, alichapisha ulinganisho wa lugha hiyo ya Waroma na Kihindustani, lugha ya kaskazini mwa India, mwaka 1782.

Sasa hilo la "wasio na kwao". Katika Wallachia na Moldavia, nchi mbili zilizokuja kuungana zikawa Romania, Waroma walikuwa watumwa kwa karibu miaka mia tano. Kuna hati ya mwaka 1385 ambayo mtawala wa Wallachia anaithibitishia monasteri ya Tismana haki ya kumiliki familia 40. Mtumwa alikuwa mali ya mtawala, ya monasteri au ya kabaila, akauzwa na kurithishwa. Mafundi shaba wengi walikuwa wa mtawala, nao waliruhusiwa kuzunguka na mahema yao na mivukuto yao, mradi kodi ya mwaka ifike. Waliosikia habari za watumwa wa Unguja, wale waliotoka kufanya kibarua na kumpelekea bwana sehemu ya ujira, wameshanielewa. Mtu anazunguka kijiji hadi kijiji kutafuta kodi ya kumlipa aliyemmiliki, kisha wajukuu wa mmiliki wanasema ana damu ya kutangatanga! Mimi hilo huniudhi kuliko hata neno wizi.

Utumwa huo ulifutwa Moldavia mwishoni mwa 1855 na Wallachia mwanzoni mwa 1856, miaka 17 kabla ya soko la watumwa la Unguja kufungwa. Wengi waliachiwa uhuru bila shamba. Kuanzia miaka ya 1860 misafara ya Wakalderashi ikaonekana Ujerumani na Ufaransa, kati ya 1911 na 1913 ikazunguka Uingereza, na wengine wakafika Urusi, Sweden, Marekani, Mexico, Argentina. Walifuata palipo na shaba: mahoteli, wapika pombe, waoka mikate, viwanda.

Vijana hawaijui kazi ile ya kupaka kalai, madini meupe, ndani ya sufuria ya shaba, lakini wewe fundi utaipenda. Shangazi yangu wa Mtaa wa Livingstone alikuwa na masufuria ya shaba ya kukodisha kwa wenye harusi, na weupe wa ndani ukianza kutoka hakubali kuyapikia mpaka yatiwe kalai. Alikuwa sahihi: ukipika kitu chenye ndimu au nyanya kwenye shaba tupu, shaba inaingia chakulani na kudhuru watu. Mkalderashi huisugua sufuria kwa tindikali, huipasha moto, hunyunyiza nushadiri, ile chumvi ya mafundi, huyeyusha kalai humo humo na kuipangusa haraka kwa pamba kabla haijapoa. Ukichelewa, imeganda mabonge. Moto ukizidi, inaungua. Bei ilipatikana kwa mabishano marefu, na hapo ndipo wateja wengi waliponuna. Siapi kwamba hakuna aliyewahi kupunja mteja. Na Gerezani je, fundi?

Vyombo vya alumini na chuma kisichoshika kutu viliwanyang'anya wateja wengi. Ila hadi leo katika kijiji cha Brateiu, mkoa wa Sibiu huko Romania, wako wanaofua mitambo ya shaba ya kuchemshia pombe ya plamu na kuipanga kandokando ya barabara kuu.

Kuna na jambo zito usilolikuta kwenye video. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, serikali ya Antonescu, dikteta wa Romania, iliwahamisha kwa nguvu Waroma wapatao 25,000 hadi Transnistria, ng'ambo ya mto Dniester. Wenye misafara, Wakalderashi wakiwemo, walitangulia kupelekwa. Walikwenda na mikokoteni yao wenyewe, kisha wakanyang'anywa. Takriban 11,000 walikufa kwa njaa, baridi na homa ya chawa.

*Bibi, ni kweli hawafui nguo za juu na za chini pamoja? Ni dini gani hiyo?*
Mama Rehema, Mbagala

Si dini, mwanangu, ni mila. Kwa dini wapo Waorthodoksi, Wakatoliki, na siku hizi walokole wengi. Lakini mila ya usafi wanayo wote: kiuno kwenda juu ni safi, kwenda chini kuna unajisi wanaouita marime, kwa hiyo nguo zina beseni mbili na taulo mbili. Beseni la vyombo haliguswi na nguo yoyote. Hata hapo Mbagala mtu akinawia miguu kwenye beseni la vyombo nadhani atasikia maneno yake.

Aliyekosa vibaya naye huitwa marime, na watu hawali naye. Hukumu hiyo hutolewa na baraza la wazee, kris, linalosikiliza kesi za biashara na za ndoa. Mahari hutolewa na upande wa mume, na ndoa ikivunjika kris ndiyo huamua kiasi gani kirudishwe. Wengine bado huoza mabinti wadogo, na Waroma wenyewe wanagombana juu ya hilo; mimi niko upande wa wanaopinga.

Kwenye msiba wana karamu iitwayo pomana: siku ya tatu, ya tisa, baada ya wiki sita, kisha mwaka. Hesabu wiki sita uone zinakaribia wapi. Mtu wa rika na jinsia ya marehemu huvishwa nguo mpya na kukaa mezani kwa niaba yake.

*Shikamoo Bibi. Kuna wanawake wao waliosoma?*
Mwanafunzi, Mlimani

Marahaba. Tafuta habari za Katarina Taikon, Mkalderashi aliyezaliwa Sweden mwaka 1932. Nchi hiyo ilifunga mlango kwa Waroma wa nje kuanzia 1914 hadi 1954, na waliokuwa ndani walifukuzwa kila mahali walipopiga hema, kwa hiyo watoto hawakukaa shule. Katarina alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Mwaka 1963 akachapisha kitabu chake cha kwanza, akaandika na vya watoto, na akaibana serikali juu ya makazi na shule za Waroma. Dada yake, Rosa, alisomea chuo cha sanaa cha Konstfack, Stockholm, akawa sonara wa fedha.